Nimfa wa miti kwa Wagreki wa kale

Katika masomo ya Kigreki na Kilatini tunakuta mara nyingi neno «nimfa». Wengi wetu huandika pembeni ya daftari «pepo wa mti», kisha huendelea. Mimi pia nilifanya vile. Lakini tafsiri ile inaficha jambo.

Nimfa wa miti waliitwa dryades, kwa neno drys, ndio mwaloni. Wengine waliitwa hamadryades. Hama maana yake «pamoja», kwa sababu waliishi na kufa pamoja na mti wao. Wimbo wa kale wa Aphrodite, unaohesabiwa katika nyimbo za Homerus, unaeleza juu ya nimfa wa mlima Ida: wanapozaliwa, misonobari na mialoni inaota pamoja nao, wala watu hawaikati kwa chuma. Saa ya kufa ikifika, mti unakauka kwanza, na roho ya nimfa inaacha mwanga wa jua. Hawahesabiwi kati ya watu, wala kati ya miungu wasiokufa.

Basi kukata mti wa namna ile kulikuwa kuua. Apollonius wa Rhodes, katika karne ya 3 mbele ya Kristo, anasimulia mtu aliyekata mwaloni, huku nimfa akilia na kumwomba amhurumie. Hakusikia. Adhabu ikamfikia hata mwana wake Paraebius: alifanya kazi sana akabaki maskini, mpaka alipojenga madhabahu na kutoa sadaka. Callimachus, wa karne ile ile, anasimulia Erysichthon aliyeingia msitu wa Demeter na watumishi 20 wenye mashoka. Alitaka mbao za nyumba ya karamu. Demeter akampa njaa isiyokwisha. Akamaliza mali ya baba yake, akaishia kuombaomba penye njia panda.

Tutazame vema. Katika habari hizi nimfa haanzi kumtesa mtu. Anaomba uzima wake. Mwenye shoka ndiye anayeanza ubaya.

Mwaka 392 Kaisari Theodosius alikataza kwa sheria kufunga vitambaa vya ibada kwenye miti. Ibada ile ilikufa polepole. Sisi hatuitetei. Lakini tukiandika «pepo» haraka, tunawahukumu Wagreki mbele ya kuwasikiliza. Na mwenye kuzoea vile darasani, atawasikiliza namna gani wazee wa kijiji?