Jenereta Inayowaka na Kuzimika: Mambo ya Kukagua kwa Watumiaji wa Wilaya za Tarime na Serengeti

Jenereta ni nishati ya akiba katika vituo vya kutolea huduma za afya, shule, nyumba za wageni na magari ya kambi yanayohudumia watalii kuzunguka Hifadhi ya Taifa Serengeti. Umeme wa gridi unapokatika, jokofu la chanjo linalopaswa kubaki kati ya nyuzi joto 2 na 8 huitegemea. Jenereta inayowaka kisha ikazimika huleta hatari kwa sababu huwapa wahusika matumaini huku muda ukipita.

Makala haya yanaeleza sababu za kawaida za tatizo hilo na ukaguzi ambao mtumiaji anaweza kuufanya kabla ya kumwita fundi.

Muda wa kuzimika hueleza kosa

Jambo la kwanza ni kuangalia jenereta inazimika baada ya muda gani.

Ikizimika ndani ya sekunde chache, ukaguzi uanzie kwenye oili. Jenereta nyingi za petroli zina kihisio kinachozima injini kiwango cha oili kinaposhuka. Kihisio hicho huzima injini pia pale jenereta inapokaa mahali penye mteremko, jambo linalotokea mara nyingi kwa magari ya kambi yaliyoegeshwa kwenye miinuko. Jenereta iwekwe mahali tambarare, kisha oili ipimwe injini ikiwa imezimwa. Kihisio kisikatwe ili injini iendelee kuwaka, kwani injini isiyo na oili hukwama na kuharibika kabisa.

Ikizimika baada ya dakika moja au mbili, huenda ilikuwa ikitumia mafuta yaliyobaki ndani ya kabureta tu. Koki ya mafuta ikaguliwe kama imefunguliwa, likifuatiwa na chujio na mpira wa mafuta.

Ikifanya kazi kwa muda mrefu zaidi, ikazimika, kisha ikawaka tena baada ya kupumzishwa, tundu la hewa la mfuniko wa tenki linaweza kuwa limeziba. Hewa isipoingia, mafuta hushindwa kushuka. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, mfuniko ulegezwe. Sauti ya hewa kuvutwa ndani ni dalili ya kosa hilo.

Ikiwa inaendelea kuwaka pale tu choki inapokuwa imefungwa nusu, kwa kawaida kijitundu cha mafuta ndani ya kabureta kimeziba. Petroli iliyokaa muda mrefu huacha utando unaoziba njia hiyo. Kabureta isafishwe, na petroli ya zamani imwagwe kwenye chombo salama, si ardhini.

Vumbi, maji na mwinuko

Barabara za changarawe huleta vumbi jingi wakati wa kiangazi. Chujio la hewa lililojaa vumbi huinyima injini pumzi, moshi huwa mweusi na plagi hupata masizi. Wakati wa mvua, maji huingia katika mapipa ya mafuta yasiyofunikwa vizuri, na injini hukohoa kabla ya kuzimika.

Mwinuko nao una athari. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Tarime iko juu zaidi. Injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 3 hadi 4 ya nguvu kwa kila mita 300. Hivyo, kwenye mita 1,500, jenereta ya kilowati 5 inaweza kutoa kilowati 4 tu au zaidi kidogo.

Mzigo wa umeme

Jenereta inayotulia bila mzigo lakini ikazimika vifaa vinapowashwa huenda imezidiwa. Vifaa vyote vichomolewe, injini iwashwe na kuachwa ipate joto, kisha viunganishwe kimoja kimoja. Jokofu na pampu ya maji huhitaji umeme mwingi zaidi zinapoanza kuliko zinapoendelea kufanya kazi, kwa hiyo visiwashwe pamoja. Katika kituo cha afya, jokofu la chanjo litangulie.

Jenereta za dizeli

Kwa jenereta za dizeli, sababu ya mara kwa mara ni hewa kuingia katika mfumo wa mafuta, hasa baada ya tenki kuisha kabisa au chujio kubadilishwa. Hewa hiyo hutolewa kwa kufuata kitabu cha mtengenezaji. Chujio lenye maji limwagwe au libadilishwe. Mashine inapozimwa na ulinzi wake kwa sababu ya joto au shinikizo dogo la oili, isilazimishwe kuwaka kabla ya chanzo kupatikana. Maji ya kupozea yaangaliwe injini ikiwa imepoa.

Usalama

Moshi wa jenereta una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na huua. Jenereta isiwashwe ndani ya nyumba, hema au gari, wala karibu na dirisha. Mafuta yaongezwe injini ikiwa imezimwa na kupoa. Aidha, jenereta isiunganishwe na nyaya za jengo bila swichi ya kubadilisha chanzo cha umeme iliyofungwa na fundi umeme mwenye leseni, kwa kuwa umeme unaorudi kwenye gridi unaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo.

Tatizo likiendelea, taasisi za umma zinaweza kupata huduma ya matengenezo kupitia Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA), na wananchi watumie mafundi wenye sifa. Moto ukitokea, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Watumiaji wanashauriwa kuwasha jenereta mara kwa mara ikiwa na mzigo na kuandika tarehe, saa za kazi na oili iliyobadilishwa. Kumbukumbu hizo humsaidia fundi kulifikia kosa mapema, kabla dawa na chanjo hazijaharibika.