Bingwa Aliyekumbukwa kwa Kuanguka

Mnamo Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, na vilima vya mji ule vikawatoa jasho wapanda baiskeli hodari wa Ulaya mbele ya halaiki iliyojaa kando ya njia toka asubuhi hata jioni, Afrika Mashariki nzima ilijawa na fakhari, na fakhari hiyo ilikuwa halali, kwa kuwa katika umri wa zaidi ya karne moja mashindano hayo hayakupata kukanyaga ardhi ya Afrika. Lakini wako walioichukua furaha hiyo wakaivusha mpaka, wakadai kwamba Kigali ni mji wa kwanza wa bara letu kumvisha bingwa wa dunia wa baiskeli fulana yake yenye rangi za upinde wa mvua. Hilo si kweli. Miaka 15 kabla ya Kigali, huko Pietermaritzburg katika Afrika Kusini, mji ambao wasomaji wengi wanaujua kwa kuwa ndipo Gandhi alipoteremshwa kwa nguvu kutoka gari la moshi mwaka 1893, fulana kama hiyo alivishwa binti Mwingereza aitwaye Shanaze Reade, na tukio hilo limesahauliwa na Waafrika waliokuwa wenyeji wake kama lilivyosahauliwa na Waingereza waliokuwa jamaa zake.

Ajabu ya kisa cha Bi Reade ni kwamba hakusahauliwa yeye. Jina lake bado linatajwa kila michezo ya Olimpiki inapokaribia, ila linatajwa kwa ajili ya kona moja katika mji wa Beijing, mahali alipoanguka.

Alizaliwa Septemba 23, 1988 katika Crewe, mji wa Cheshire ambao tangu zama za Malkia Victoria umejulikana kwa njia za reli na karakana za magari ya moshi kuliko kwa jambo lolote la michezo. Shuleni alikuwa mkimbiaji wa mbio fupi na mrusha tufe, na mwenye kuujua mwili wa mrusha tufe atafahamu baadaye kwa nini binti huyu alikuwa mgumu kushindwa katika hatua za kwanza za mbio. Baiskeli aliianza akiwa na umri wa miaka 10, kwa chombo kikuukuu kilichonunuliwa kwa pauni moja.

Mchezo aliouingia ulikuwa bado mchanga. BMX ilizaliwa California mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale watoto waliotamani mbio za pikipiki za vumbini lakini hawakuwa na pikipiki walipoamua kuziiga kwa baiskeli zao. Mwaka 1982 yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia, na katika miaka ya 1990 mchezo ukaingia chini ya mamlaka ya UCI, chama kikuu cha baiskeli duniani. Chombo chenyewe ni kidogo, magurudumu yake yana kipenyo cha inchi 20, hakina gia za kubadili, na kina breki moja ya nyuma. Wapanda wanane husimama juu ya mteremko, gurudumu la mbele limeegemezwa kwenye lango, miguu yote miwili juu ya pedeli bila kugusa chini, wakisubiri sauti iliyorekodiwa na taa zinazowaka kwa kufuatana. Lango huanguka, nao hushuka wote kwa pamoja kuelekea kwenye matuta na kona zilizoinuliwa ukingoni, na kabla dakika moja haijatimia kila kitu kimekwisha. Hakuna muda wa kutubu wala wa kupanga upya. Sisi tuliolelewa na baiskeli ya kubebea maziwa, mkaa na abiria, ile ambayo pale Busia mpakani iliwapa watu neno bodaboda, huweza kukiona kibaiskeli hiki kuwa ni cha kitoto. Lakini aghalabu mwenye kuanguka nacho kwa mwendo ule huamka na mfupa uliovunjika.

Mwaka 2007, katika Victoria ya Kanada, Bi Reade akiwa na miaka 18 aliwashinda wanawake wote wa dunia. Mwaka uliofuata, katika Taiyuan ya Uchina, akawashinda tena. Ingekuwa inatosha, lakini hapo katikati liliingia jambo jingine ambalo kwa maoni yangu ndilo linalodhihirisha kipawa chake kuliko yote. Walimu wa timu ya Uingereza, walipoziona nguvu za miguu yake, walimchukua kutoka vumbini wakamweka juu ya mbao za uwanja wa ndani, katika mbio ambazo kwa wanawake wakati ule zilikuwa za wawili wawili, mpanda wa kwanza akivuta mzunguko mmoja kwa nguvu zake zote kisha akijitoa na kumwachia mwenziwe mzunguko wa mwisho. Mwenziwe alikuwa Victoria Pendleton, malkia wa mbio fupi wa zama zile. Mbio hizo zilikuwa zimeingizwa kwa wanawake katika mashindano ya dunia kwa mara ya kwanza, huko Palma de Mallorca mwaka 2007, nao wakazichukua; wakarudi Manchester mwaka 2008, wakazichukua tena. Basi katika muda wa miezi 14 hivi, binti ambaye hajatimiza miaka 20 alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa dunia mara nne katika michezo miwili isiyofanana ila kwa jina la baiskeli.

Hapa yapasa kusimulia ugomvi uliotangulia Beijing, maana bila ya huo mtu hawezi kupima mzigo aliobebeshwa msichana yule. Kamati ya Olimpiki ilikubali mwaka 2003 kuiingiza BMX katika michezo ya 2008, lakini haikukubali kuongeza hesabu ya nishani za dhahabu za baiskeli, ambazo zilibaki 18. Mgeni akiingia, mwenyeji hana budi kutoka. Mwaka 2005 UCI ikaamua kwamba watakaotoka ni mbio za kilometa moja za wanaume na mita 500 za wanawake, mbio ambazo katika Athens mwaka 2004 ziliwapa dhahabu Chris Hoy wa Skotilandi na Anna Meares wa Australia. Kelele ziliinuka Uingereza na kwingineko. Wapenzi wa mbio za zamani walinena kwamba urithi wa wazee unauzwa ili kununua mapenzi ya vijana na macho ya televisheni, na waliponena hivyo hawakukosea sana, kwa kuwa sababu ya kuitwa BMX ilikuwa hiyo hiyo. Hoy hakukaa kulia; aligeukia mbio nyingine na katika Beijing akatwaa dhahabu tatu. Lakini mchezo uliomfukuza ulihitaji kuthibitisha kwamba ulistahili kiti ulichopewa, na kwa Waingereza uthibitisho huo ulikuwa na jina moja tu.

Na kuna dhuluma nyingine ambayo watu wa wakati ule waliipita kimya. Zile mbio za mbao ambazo Bi Reade na Bi Pendleton walikuwa mabingwa wake mara mbili hazikuwamo Beijing kwa upande wa wanawake, ilhali kwa wanaume zilikuwamo tangu mwaka 2000. Katika uwanja wa mbao wanaume walipewa mbio saba za kugombea dhahabu, wanawake tatu. Mlango wa pili wa Bi Reade ulifungwa na makarani kabla hajapanda ndege, na matumaini yote yakabaki katika kile kibaiskeli cha inchi 20.

Mvua iliyonyesha Beijing Agosti 21 ilivunja ratiba, na nusu fainali zikasogezwa hadi siku ya pili yake, Agosti 22, zikafuatwa siku ile ile na fainali katika uwanja wa Laoshan. Lango lilipoanguka, aliyetoka mbele hakuwa Mwingereza bali Mfaransa, Anne-Caroline Chausson wa Dijon, mwanamke wa miaka 30 ambaye utotoni alilelewa na BMX, kisha akaiacha akaenda milimani, na huko akatwaa ubingwa wa dunia wa mbio za kuteremka mara tisa katika daraja la wakubwa. Alikuwa amerudi kwenye kibaiskeli cha utotoni kwa sababu ya Olimpiki tu. Nyuma yake akamfuata Bi Reade, akimkaribia tuta baada ya tuta, na nyuma yao wengine sita.

Picha za mbio zile zingalipo, na mwenye kuzitazama kwa utulivu ataona kwamba hadi kona ya mwisho nishani ya fedha ilikuwa mikononi mwa Bi Reade kama mtu anavyoshika ufunguo wa nyumba yake. Angebaki katika mstari wake angeipata. Hakubaki. Aliingia upande wa ndani wa kona kutafuta nafasi ambayo Mfaransa hakuwa ameiacha, gurudumu lake la mbele likagusa gurudumu la nyuma la mwenziwe, na katika kufumba na kufumbua alikuwa chini, baiskeli upande huu na yeye upande ule, na wale waliokuwa wakigombania nafasi ya tatu wakapita wakijua kwamba sasa wanagombania ya pili.

Jedwali la matokeo lina ufasaha kuliko wasimulizi wengi. Bi Chausson alimaliza kwa sekunde 35.976. Wa pili, Laëtitia Le Corguillé wa Ufaransa, alitumia 38.042, wa tatu, Jill Kintner wa Marekani, 38.674, wa nne, Sarah Walker wa New Zealand, 38.805. Baina ya wa pili na wa nne hakuna hata sekunde moja, bali baina ya wa kwanza na wa pili kuna zaidi ya sekunde mbili, pengo ambalo katika mchezo huu ni kubwa kupita kawaida. Pengo hilo ndilo mahali pa Shanaze Reade.

Alipoulizwa, hakuomba radhi. Alisema, kwa maana yake, kwamba alikuja kwa ajili ya dhahabu, na kwamba kuzunguka ili kuchukua fedha wakati dhahabu ipo mbele ya macho kusingekuwa na faida yoyote. Basi hapo ndipo ulipoanza mjadala ambao haujaisha hadi leo miongoni mwa wapenzi wa mchezo: wako wanaosema kwamba kijana aliongozwa na kiburi, akaitupa nishani ambayo taifa lilikuwa limeigharimia, na wako wanaosema kwamba mpanda aliyefundishwa tangu utotoni kuona nafasi na kuingia hawezi kuambiwa siku ya fainali aone nafasi na akae. Mimi ni wa kundi la pili, ingawa nakiri kwamba mtu huwa mwepesi kusifu ushujaa ambao hakuulipia kwa mkono wake. Lakini liko jambo moja linalonichukiza katika simulizi zote mbili, nalo ni kwamba zinamwacha nje mshindi. Bi Chausson aliongoza toka juu hadi mwisho. Kona ile ilikuwa yake, naye aliilinda. Magazeti ya London yaliandika siku ile kana kwamba dhahabu iliokotwa njiani.

Mwaka 2009 ubingwa wa dunia ulikwenda kwa Bi Walker. Ndipo ikaja Pietermaritzburg, mwaka 2010, majuma machache tu baada ya fainali ya Kombe la Dunia la kandanda kuchezwa Johannesburg, wakati ambapo Afrika Kusini ilikuwa imechoka kushangilia na waandishi wa habari wa dunia walikuwa wamekwisha kufunga virago. Bi Reade alishinda, akapata taji lake la tatu. Ushindi huo kwa haki ndio uliokuwa jibu lake kwa Beijing, mbele ya wapinzani wa aina ile ile na katika mchezo ule ule, lakini jibu lilitolewa mahali ambapo masikio yalikuwa yamekwisha kuondoka. Sijapata kusikia mtangazaji wa Kiswahili akilitaja, nasi tulio upande huu wa bara hatuna udhuru wa umbali.

London, mwaka 2012, nyumbani kwake, alifika fainali akamaliza wa sita. Dhahabu ilichukuliwa na Mariana Pajón wa Kolombia, fedha ikaenda kwa Bi Walker. Baada ya hapo hakuonekana tena katika Olimpiki. Aliondoka mchezoni polepole, bila ya sherehe, akawa miongoni mwa wanaousimulia katika televisheni.

Waingereza nao, baada ya Rio 2016, wakatoa fedha za umma za mbio za BMX kwa wanaume peke yao, uamuzi ambao ni vigumu kuutetea katika nchi ambayo bingwa wake mkubwa wa mchezo huo alikuwa mwanamke. Beth Shriever, binti wa Essex aliyekuja nyuma ya Bi Reade, ilimlazimu kufanya kazi ya msaidizi wa mwalimu shuleni na kuchangisha kwa wananchi ili apate nauli za kwenda kutafuta alama za kufuzu. Katika Tokyo, Julai 30, 2021, alitwaa dhahabu ambayo Waingereza walikuwa wakiingoja tangu Beijing, na aliyemfuata nyuma yake, kwa tofauti isiyofika sehemu moja ya kumi ya sekunde, alikuwa Bi Pajón yule yule wa London.