Kutoka Mwalo wa Kibirizi hadi Kiti cha Jaji

Katika mwalo wa Kibirizi, kaskazini kidogo mwa mji wa Kigoma, magomvi mengi huanza bila mwanasheria. Mwenye mtumbwi anadai nyavu zake, mchuuzi wa dagaa anadai fedha alizotanguliza, warithi hawaelewani juu ya boti moja na nyumba iliyoko Ujiji. Wadaawa wanaweza kuwa Waha, Wabembe, Wamanyema au watu wenye ndugu ng'ambo ya ziwa. Shauri likifika Mahakama ya Mwanzo, la mirathi huweza kuamuliwa kwa sheria ya Kiislamu au ya mila. Likikatiwa rufaa hupanda Mahakama ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu. Kwa miaka mingi Mahakama Kuu kwa mtu wa Kigoma ilikuwa Tabora, mwendo mrefu wa treni. Siku hizi ina masjala Kigoma kwenyewe, na Mahakama ya Rufani nayo huja kufanya vikao.

Huduma imesogezwa karibu, na ni jambo la kupongezwa. Ila namna ya kuwapata majaji wanaotoa huduma hiyo bado iko mbali na macho ya wananchi.

Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 ilimweka hakimu wa Mahakama ya Mwanzo akae na wazee wasiopungua wawili. Hapo ndipo mtu wa mwaloni aliposhiriki kuamua. Wazee wale wasitukuzwe kupita kiasi, maana binti anayegombea urithi angeweza kuwakuta wamekwisha kuegemea kwa kaka zake. Hata hivyo walileta mahakamani ujuzi ambao shahada haifundishi: nani humiliki samaki waliovuliwa kwa nyavu za kuazima, au ahadi gani hutolewa kwa mdomo na bado ikaheshimiwa. Ngazi za juu hazina wazee wa namna hiyo kwenye kesi za mirathi na madeni. Huko ujuzi wa maisha ya watu huja na jaji mwenyewe, au hauji kabisa.

Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 109, inampa Rais mamlaka ya kuwateua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Sifa ya msingi ni shahada ya sheria na uzoefu usiopungua miaka kumi, uwe wa uhakimu, uwakili au utumishi wa umma wa kisheria. Ibara ya 112 inataja wajumbe wa Tume: Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu, Jaji mmoja wa Rufani, Jaji Kiongozi na wengine wawili. Wote sita, kwa njia moja au nyingine, wamewekwa na mkono uleule wa uteuzi wanaopaswa kuushauri. Si lazima wawe watu wa kuyumba. Wengi wamekuwa wanasheria hodari. Lakini mfumo unaotegemea uadilifu wa wajumbe pekee haumpi hakimu wa Kakonko au wakili wa Kasulu njia ya kujua kama jina lake lilifikiriwa, wala kwa nini liliachwa.

Mfano mzuri ni wa tarehe 1 Februari 2021. Katika Siku ya Sheria jijini Dodoma, Rais John Magufuli alimsifu Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, akatangaza kumpandisha Mahakama ya Rufani. Kwa mtu wa Kibirizi ambaye hukumu ya Kiingereza ilikuwa karatasi bubu, sababu hiyo ilikuwa na uzito, na mwaka huohuo sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Tatizo ni kwamba kigezo hicho kilijulikana siku ya kutolewa zawadi. Hakuna jaji mwingine aliyeambiwa mapema kwamba kuandika kwa lugha ya wadaawa kungehesabiwa.

Kenya ilichukua njia nyingine. Katiba yake ya mwaka 2010 inaitaka Tume ya Huduma za Mahakama kufuata ushindani, uwazi na usawa wa kijinsia, na wajumbe wake baadhi huchaguliwa na majaji, mahakimu na mawakili wenyewe. Aprili 2021 watu walitazama kwenye televisheni waombaji wa nafasi ya Jaji Mkuu wakihojiwa, na Martha Koome akawa mwanamke wa kwanza kuishika. Uwazi huo haukumaliza mivutano. Kati ya majina yaliyopendekezwa mwaka 2019, Rais Uhuru Kenyatta aliwateua 34 mwezi Juni 2021 na kuwaacha sita, ambao waliapishwa baada ya William Ruto kuingia madarakani Septemba 2022. Tofauti ni kwamba Wakenya waliwajua walioachwa kwa majina, wakapata la kuhoji.

Wapo Watanzania wanaohofia kwamba kuzungumzia anuwai ya majaji ni kufungua mlango wa ukabila. Hofu hiyo isibezwe. Hakuna anayehitaji jaji Muha wa kesi za Waha, na desturi ya kumpangia mtumishi kazi mbali na kwao imeisaidia nchi. Jaji Mkuu wa mwaka 1965 hadi 1971, Telford Georges, alizaliwa Dominica, na jina lake bado linatajwa kwa heshima. Anuwai inayotafutwa ni ya njia walizopitia: aliyekuwa hakimu pembezoni, aliyetetea wasio na fedha, anayeijua mirathi ya Kiislamu kwa undani, mwanamke ambaye kazi yake haikusitishwa na ulezi. Julie Manning aliteuliwa jaji wa Mahakama Kuu mwaka 1973, mwanamke wa kwanza nchini, lakini orodha ya Majaji Wakuu tangu uhuru haina hata mwanamke mmoja.

Kubadili muundo wa Tume kunahitaji theluthi mbili za kura bungeni, na huenda kukachukua miaka. Mengine hayahitaji kura hata moja. Tume inaweza kutangaza nafasi, kuchapisha vigezo, kuhesabu miaka ya uhakimu wilayani kuwa sifa inayopewa alama, na kuwaeleza waombaji walioshindwa wapi walipungukiwa. Rais atabaki na mamlaka yake yote, na hakimu aliyemaliza miaka kumi Uvinza atajua atume maombi wapi, lini, na kwa hukumu zipi za kuambatisha.