Kwa Nini Ni Sisi Tulijificha?

Wiki iliyopita nilimaliza drama moja ya Kijapani inaitwa Dandarin. Ni ya 2013, episodi 11 tu. Takeuchi Yuko anaigiza Danda Rin, mkaguzi wa kazi ambaye hajui kitu inaitwa "tuachane na hiyo stori". Sheria ikisema ovataimu ilipwe, italipwa, hata mkubwa wake akimwambia apunguze moto. Na si maneno tu: Japani mkaguzi wa kazi ana mamlaka ya kipolisi, anaweza kumkamata bosi.

Nilikuwa nacheka peke yangu mathe akapita na sahani yake ya githeri. Akaangalia kidogo, akauliza, "Huyo ni wa leba?" Nikamwambia eeh. Maze, alicheka kuniliko.

Ndio akanipa stori. Mathe alifanya kibarua miaka minne kwa kiwanda kimoja hapa Thika, sitakitaja. Kila asubuhi kabla saa kumi na mbili yuko getini, wanahesabiwa vichwa, waliobaki wanarudi nyumbani. Siku moja watu wa leba walikuja kukagua. Supavaiza alikuwa ashajua. Vibarua wote wakatolewa kwa geti la nyuma, wakakaa kando ya mtaro mpaka gari la serikali likaondoka. Siku hiyo hawakulipwa hata bob.

Swali langu likawa moja. Anayeibiwa ni mathe. Mkaguzi amekuja kwa ajili yake. Sasa mbona yeye ndiye alijificha?

Nimesoma wiki nzima, na jibu langu ni hili: kwa nchi hii, kukaguliwa kulianza na sisi. Bosi alikuja kukaguliwa baadaye sana.

Chukua hii barabara yetu, Ruiru mpaka Thika. Pale Tatu City imesimama palikuwa shamba la kahawa. Ruiru ilikuwa kahawa, Thika kahawa na mkonge, na mashamba yalikuwa ya masetla. Masetla walitaka watu wa kufanya kazi, serikali ya mkoloni ikawatafutia kwa sheria. Ya 1918 ilimwambia mtu anayeishi kwa shamba la mzungu afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Halafu kukawa na kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915 na ikaanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitembea na hiyo karatasi, wengi wakiivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Ndani kulikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, siku ulianza na siku uliachiliwa.

Hebu fikiria hiyo kitu kwa akili ya leo. Ukitoka kazini bosi hajasaini, wewe ni mhalifu. Polisi wanakutafuta. Kazi ingine hupati. Lakini bosi akikunyima mshahara, nani alikuwa na kikopo shingoni cha kumkagua yeye?

Watu hawakunyamaza. Mwaka 1921 masetla walikubaliana kukata mishahara kwa theluthi moja. Harry Thuku, kijana wa Kiambu hii hii, akaanza kuzunguka akipinga kipande, kodi, na wasichana kupelekwa kwa lazima kuchuma kahawa. Akakamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati ulikuwa nje ya kituo cha polisi Nairobi, na Mary Muthoni Nyanjiru akawachapa wanaume maneno kwa kusitasita. Polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru akafa pale. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21.

Leba kama idara inayosimama peke yake ilikuja baada ya wafanyakazi wa Mombasa kugoma 1939. Hakuna mtu aliamka na huruma.

Halafu 1947. Mwaka huo Japani ilipitisha sheria iliyomzaa Danda Rin. Mwaka huo huo Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 81, unaosema mkaguzi anaweza kuingia mahali pa kazi bila kutoa taarifa, saa yoyote, mchana au usiku. Kenya iliuridhia Januari 1964, mwezi mmoja tu baada ya uhuru. Yaani kwa karatasi tuko sawa na Tokyo miaka yote hii. Bila kutoa taarifa. Sasa yule supavaiza aliambiwa na nani?

Najua mtu atasema maafisa ni wachache, ofisi hazina hata mafuta ya gari. Sawa, ni shida ya kweli. Lakini sikubali kwamba ndiyo shida yote. Mashamba ya nanasi ya Del Monte hapa Thika yalibanwa kuanzia 1999, wakati wanaharakati wa Italia walisusia bidhaa zake kwa sababu ya mishahara, dawa za mimea na maisha ya vibarua. Watu wa hapa walikuwa wametoa habari. Kampuni ikaketi mezani, na 2001 kukawa na makubaliano. Hapo hakukuwa na Danda Rin. Kulikuwa na wafanyakazi walioongea na mtu wa kuwasikiliza.

Kitu kimeniuma zaidi ni hiki. Mathe alikuwa na kalenda ya duka ukutani. Kila siku aliyofanya kazi aliweka tiki na biro, ndio ajue atalipwa ngapi Jumamosi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi mmoja, anahesabiwa mfanyakazi wa mwezi. Akiendelea miezi miwili au zaidi, anapata haki kama mwajiriwa mwingine. Zile tiki zilikuwa ushahidi. Lakini kesi ya kazi inafaa kupelekwa ndani ya miaka mitatu, na mathe aliacha 2019. Kalenda tuliwashia jiko.

Kuzo yangu sahi ni kibarua Ruiru, kule Kihunguro. Jana nilimpelekea daftari ndogo ya quire. Nikamwambia aandike tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka na pesa alizopewa, kila siku, hata akiwa amechoka aje.

Akaniuliza, "Hii ni kipande?"

Nikamwambia ndio, lakini hii ni yako, na anayekaguliwa ni yeye.