Usukani, Digadi na Hendeli: Landrova Kuukuu katika Historia ya Kiswahili cha Gereji



Historia ya msamiati wa Kiswahili imezoea kuandikwa kwa kufuata njia tatu: njia ya dini, njia ya biashara ya bahari na njia ya utawala wa kikoloni. Tumefuatilia maneno misikitini, bandarini na maofisini, na kazi hiyo imezaa matunda mengi. Lakini ipo njia nyingine, ya chuma na grisi, ambayo wataalamu wetu wameipita haraka, labda kwa sababu inachafua nguo. Nakusudia kuonesha kwamba kazi ya kulifufua gari kuukuu, hususan landrova, imekuwa mojawapo ya mahali ambapo wasemaji wa Kiswahili wamejitengenezea maneno bila kusubiri kamati yoyote. Na kwamba sehemu kubwa ya maneno hayo sasa inaondoka pamoja na magari yenyewe na mafundi wake.

Tuanze na gari. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa akitumia gari la kijeshi aina ya Willys katika shamba lake kisiwani Anglesey, Wales. Mwaka 1947 kampuni yake ilianza kubuni gari la namna hiyo kwa matumizi ya wakulima, na tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ya kwanza ilioneshwa hadharani Amsterdam. Chuma wakati huo kilitolewa kwa mgao, na hivyo bodi ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu. Uamuzi huo uliotokana na uhaba ndio ulioamua umri wa gari hili. Bodi haikushika kutu nyekundu. Kilichooza ni chesisi ya chuma iliyo chini yake na ule ukuta wa chuma unaotenga injini na chumba cha dereva. Fundi anayepokea landrova ya mwaka 1960 kutoka Tanga au Mombasa huanza kwa kugonga chesisi kwa nyundo na kusikiliza, kwa maana chumvi ya bahari huila kutoka ndani, na pale aluminiamu inapogusana na chuma, aluminiamu yenyewe huliwa. Landrova ya Dodoma, kwa ukavu wa nchi ile, kwa kawaida hulia vizuri zaidi.

Gari hili liliingia Afrika Mashariki katika miaka ya mwisho ya 1940 na kuenea katika miaka ya 1950. Lilimchukua bwana shauri, mmisionari, mpima ardhi na bwana nyama. Katika muongo huohuo lilimchukua pia Mwalimu Julius Nyerere alipokuwa akizunguka Tanganyika kukiimarisha chama cha TANU. Yaani gari la aina ileile lililotimua vumbi la mtoza kodi lilitimua vumbi la mdai uhuru, na wanakijiji walilijua kwa mlio kabla hawajajua nani amo ndani. Jina la biashara likageuka nomino ya kawaida, landrova, likaingia katika ngeli ya I-/ZI-: landrova hii imelala njiani, landrova hizi zimelala. Anayesema malandrova ama anasifu ukubwa wake ama anakejeli.

Sasa, kwa nini gari hili na si jingine? Jibu limo katika umbo lake. Chesisi ni mihimili miwili iliyounganishwa kwa vipande vya kukingama, mfano wa ngazi iliyolazwa. Juu yake bodi imefungwa kwa bolti na nati, na vipande vya bodi vimeshikwa kwa bolti na ribiti. Springi ni pinde za mabamba zilizopangwa moja juu ya nyingine. Katika matoleo ya Series II, yaliyoanza mwaka 1958, na Series III, yaliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, kando ya mkono wa gia vimesimama vishikio viwili vifupi: chenye kichwa cha manjano hukandamizwa ili magurudumu ya mbele nayo yasukume, na chenye kichwa chekundu huvutwa ili magurudumu yote manne yapate mwendo wa polepole wenye nguvu, wa kupandia mlima au kutokea matopeni. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi kinachohitaji kompyuta. Mtu mwenye spana chache, jeki, nyundo na kivuli cha mwembe anaweza kulifungua gari zima, akalipanga chini na kulirudisha. Ufundi wa namna hiyo unafundishwa kwa mdomo, na panapofundishwa kwa mdomo lazima kila kipande kiwe na jina ambalo kijana ataliitikia mara moja.

Majina hayo yamepangwa kwa matabaka, kama udongo wa kisima. Chini kabisa yapo ya Kibantu: chuma, nyundo, kufua. Juu yake yapo ya bahari. Usukani ni neno lenye asili ya Kiarabu lililotaja chombo cha kugeuzia jahazi. Kamusi ya Krapf ilichapishwa mwaka 1882, naye Carl Benz alipata hataza ya gari lake la injini mwaka 1886. Kwa hiyo usukani wa wakati wa Krapf haungeweza kuwa mwingine ila wa majini. Gari lilipofika, pwani haikutafuta neno jipya. Dereva alikalia nafasi ya nahodha, na pamoja na usukani akarithi abiria, nauli na shehena. Kutoka Bara Hindi tuna gari lenyewe na karakana. Kutoka kwa Wareno tuna bomba na parafujo, maneno yaliyokaa karne kadhaa yakisubiri, kana kwamba yalijua kuwa kabureta itakuja. Kisha likaja tabaka nene la Kiingereza: breki, klachi, gia, rejeta, pistoni, gasketi, beringi, bushi, difu. Kule Lubumbashi, walikotawala Wabelgiji, tabaka hilo la juu ni la Kifaransa: dereva ni shofere na injini ni motere. Chuma ni kilekile, matabaka ya chini ni yaleyale kwa sehemu kubwa. Aliyebadilika ni mwajiri.

Wako wanaolitazama tabaka la Kiingereza wakaona uvivu wa kukopa. Mimi naona kinyume chake, na shahidi wangu ni digadi. Kiingereza kina neno moja kwa kifuniko cha gurudumu kinachozuia matope, nalo huanza kwa silabi inayosikika kama ma-. Wasemaji wa Kiswahili walilisikia madigadi, wakaitambua silabi ile kuwa kiambishi cha wingi, wakapata umoja ambao Mwingereza hakuwa nao: digadi moja, madigadi mawili. Mfano huu hutajwa sana darasani pamoja na mwenzake kipilefti, wingi vipilefti, na kwa kawaida huishia hapo, kama kichekesho. Lakini jiulizeni: kwa nini mashine haikuzaa umoja wa shine? Silabi ya kwanza ni ileile. Maelezo yangu ni kwamba sarufi haikufanya kazi kwa sauti pekee, bali kwa sauti na kitu machoni. Landrova ina madigadi mawili mbele, mapana kiasi cha mtu kukaa. Fundi huyaona yakiwa jozi na huyafungua yakiwa jozi, hivyo neno lilimfikia likiwa na maana ya wingi tayari. Mashine ilifika moja, ikasimama pekee. Kipilefti nacho ni kimoja katikati ya njia panda, na ki- ikakubaliana na umoja wake. Uchambuzi huu wa mofolojia ulifanywa na watu wenye mikono ya oili, nao ni sahihi.

Kipindi kilichozalisha maneno mengi zaidi, hata hivyo, si cha kuingia kwa magari bali cha kukosekana kwa spea. Kwa upande wa Tanzania, Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, pamoja na kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1979, viliiacha nchi na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Hadi serikali iliporuhusu, mwaka 1984, watu kuagiza bidhaa kwa fedha walizokuwa nazo nje, landrova nyingi zilikaa juu ya mawe. Hapo ndipo vitenzi vya zamani vilipopewa kazi mpya. Kuchonga, kazi ya mti na kinyago, kukawa kazi ya chuma, na kwa kiambishi cha kusababisha tukapata kuchongesha: unachukua bushi iliyolika, unampelekea mwenye tezo ya umeme, yaani mashine ya kukereza, naye anakuchongea nyingine. Kiraka kikahama kutoka kwenye nguo hadi kwenye chesisi. Injini ya petroli iliyochoka ikatolewa, na mahali pake ikapachikwa ya dizeli kutoka gari la Kijapani lililopata ajali. Kupachika huko kulidai sahani ya chuma yenye matundu ya pande mbili, upande mmoja ukikubaliana na injini ngeni na mwingine na giaboksi ya zamani.

Hapa tunafika penye tofauti ambayo naona ina uzito kuliko orodha yoyote ya istilahi. Katika Ulaya, mwenye kufufua gari la zamani husifiwa kwa uasili: namba ya injini ilingane na ya chesisi, rangi iwe ileile ya kiwandani, hata taa isibadilishwe. Fundi wetu halipimi gari kwa kipimo hicho. Hulipima kwa uzima. Gari zima ni gari linalotembea, nalo linaweza kuwa na moyo wa mtu mwingine, madigadi ya bati la pipa na springi zilizoongezwa mabamba ili zibebe zaidi. Kivumishi -zima hutaja kwa pamoja ukamilifu, afya na uhai. Ndiyo maana gari huugua, hukohoa, hunywa mafuta kupita kiasi, hula oili, hufa, na likitengenezwa hupona. Neno ukarabati, ambalo maandishi rasmi hulipenda, lafaa kwa jengo. Sijamsikia fundi mwenye heshima zake akisema amekarabati injini. Husema ameishusha na kuifunga. Katika vitenzi hivyo viwili imo kazi yote: kuishusha injini kutoka garini, kuifungua, kubadilisha ringi na gasketi, kisha kuifunga.

Kamati za istilahi zilifanya kazi kubwa tangu BAKITA lilipoundwa mwaka 1967, na mimi si miongoni mwa wanaozibeza. Hata hivyo, kichapuzi ni neno lililotungwa vizuri, lenye mzizi safi na kiambishi sahihi, na madereva wangali wanakanyaga mafuta au resi. Neno lilitungwa mbali na kanyagio.

Kazi ya kurekebisha magari kwa safari za porini ilipata soko jipya utalii ulipokua katika miaka ya 1990. Arusha ikawa mahali ambapo Land Rover, na baadaye zaidi Toyota Land Cruiser, hukatwa chesisi na kurefushwa ili zipate safu nyingine ya viti, paa likafanywa la kuinuka ili mgeni asimame na kutazama simba, na keria, tangi la ziada na winchi vikaongezwa. Nimevutiwa na usahihi wa lugha katika kazi hii. Tela huunganishwa na gari, na vinabaki vitu viwili. Chesisi iliyokatwa huungwa, kama mfupa unavyoungwa, na kiungo kizuri ni kile kisichoonekana baada ya kuchomelewa, kuwekewa kiraka cha nguvu na kupigwa rangi. Viambishi viwili vya kitenzi vinatenganisha kazi ya dakika tano na kazi ya wiki nzima, na tofauti hiyo sijaiona ikielezwa hivyo katika kamusi zetu.

Mwezi Oktoba 2024 mamia ya Land Rover zilikusanyika Arusha katika tamasha maalumu. Kwa hiyo magari bado yapo, na mengine yanapendwa kuliko yalivyopendwa yalipokuwa mapya. Lakini gari linalopendwa na tajiri hupelekewa spea halisi kwa ndege. Halihitaji tena kuchongeshewa, na kijana anayelihudumia amejifunza kulipima kwa kompyuta. Waliojifunza kazi katika uhaba wa miaka ya 1980 wamefikia au wamepita miaka 60. Kwa hiyo napendekeza kwa wanafunzi wetu wa leksikografia kwamba utafiti wa gereji uanze sasa, tena uanze na vitu ambavyo magari ya leo hayana.

Mfano ni hendeli. Landrova za zamani zina tundu katika bampa ya mbele, ambamo fimbo ya chuma iliyopindwa hupitishwa hadi kwenye injini ili iwashwe kwa mkono betri ikifa. Kijana hufundishwa kuvuta kwenda juu, kamwe asisukume chini, na kuweka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine badala ya kuizunguka fimbo, kwa sababu injini ikirudisha teke, kidole kinachozunguka huvunjika. Hayo yote hufundishwa kwa sentensi moja fupi wakati wa kukabidhiwa fimbo. Kidahizo cha neno hendeli kitakapoandikwa upya, ningependa kidole gumba kitajwe.