Historia Fupi ya Istilahi "Usonji"

Dhana tuiitayo usonji ilipata jina lake la kwanza, otizimu, mahali pengine. Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi, mwaka 1911 alilieleza kutokana na neno la Kigiriki autos, yaani nafsi, akikusudia kujitenga kwa wagonjwa wa skizofrenia. Mwaka 1943 Leo Kanner wa Baltimore aliwapa watoto 11 jina hilohilo, ingawa aliona hali yao ni nyingine. Jina likashinda maelezo: hadi 1980 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliwahesabu watoto wa namna hiyo katika skizofrenia ya utotoni. Kwetu kosa ni jingine. Mtoto asiyegeuka aitwapo, wala kuonyesha kitu kwa kidole, hudhaniwa kiziwi au bubu, na mafunzo ya mawasiliano humchelewea. Napendekeza fasili ya usonji izitaje dalili hizo waziwazi.