Vifuko vya Mafuta Vinavyobeba Dawa

Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno matatu: mafuta, dawa, kompyuta. Leo tutasimulia jinsi yalivyokutana.

Dawa nyingine ni dhaifu. Ikiingia mwilini peke yake huvunjwa kabla ya kufika. Yataka kufungwa ndani ya kitu.

Mwaka 1964, huko Uingereza, Alec Bangham na R. W. Horne walitoa picha walizopiga kwa darubini ya elektroni. Walichanganya na maji mafuta ya namna iliyomo katika kiini cha yai, nayo yakajipanga yenyewe tabaka tabaka. Baadaye ilijulikana kuwa ni vifuko vilivyofumbwa. Basi watu wakauliza: je, haviwezi kubeba dawa?

Vifuko vya namna hii ni vidogo mno. Vifuko 10,000 vya leo vikipangwa mstari mmoja havizidi sana milimita moja. Nani atavitazama vikifunguka? Hapo ndipo kompyuta ilipofaa.

Mwaka 1957, huko Marekani, Berni Alder na Thomas Wainwright walitumia kompyuta kukokotoa, hatua kwa hatua, jinsi tufe ndogo zinavyogongana. Lakini kifuko kimoja kina mamilioni ya atomi. Mwaka 2004, mjini Groningen, Uholanzi, Siewert-Jan Marrink na wenzake walieleza njia nyepesi. Mwenye kuuza kuni hahesabu ukuni mmoja mmoja, huhesabu matita. Nao walizifanya atomi kama nne kuwa punje moja, na hesabu ikaenda upesi.

Mwaka 2018 Marekani iliruhusu dawa ya kwanza ya RNA, yaani ujumbe wa kemia, iliyobebwa na vifuko vya mafuta. Desemba 2020 zikafuata chanjo za korona. Tusidanganyane: vifuko hivyo vilipatikana hasa kwa kujaribu tena na tena maabarani.

Je, kazi imekwisha? Bado. Seli ikimeza kifuko, sehemu ndogo tu ya mzigo hutoka salama. Iliyobaki hupotea bure. Kompyuta hukokotoa jinsi mafuta yanavyobadilika penye uchachu na kufungua mlango. Tukiujua mlango huo vema, huenda dawa kidogo ikatosha wagonjwa wengi.

Lakini jibu la kompyuta ni makisio. Maabara ndiyo shahidi.

Sasa jadilianeni: kwa nini hesabu peke yake haitoshi kumpa mgonjwa dawa? Kwaherini.